Plau ya Mwinjilisti

Basi la Bariadi liliondoka stendi ya Nyamhongolo limejaa pomoni, na kabla hatujafika Kisesa kondakta alikuwa ameshagombana na abiria wawili kwa ajili ya ndoo ya dagaa. Nilikuwa nakwenda kushuhudia mtu akitumwa. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Ntuzu huko Bariadi, alinipigia simu kwamba kanisa la kwao linamuaga mwinjilisti na familia yake, wanahamia kwa Wataturu huko Meatu. "Njoo uone na sisi tunavyotuma watu," alisema, na neno hilo "na sisi" alilikazia kidogo.

Sitalitaja kanisa lenyewe wala dhehebu lake. Niliyoyaona pale nimewahi kuyaona kwa Walutheri, kwa Waanglikana, kwa Wapentekoste na hata kwa Wakatoliki wenye utaratibu mrefu kuliko wote. Si haki kanisa moja la Bariadi libebeshwe mzigo wa wengi.

Barabara hii ya kutoka Mwanza kwenda Musoma imepitiwa na watu waliotumwa kuliko barabara nyingi za nchi hii. Pale Kisesa ndipo unapopandia kilima cha Bujora, ambako padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika ambao wazee huwaita Mapadre Weupe, alijenga kanisa la duara kwa umbo la nyumba ya mtemi, na pembeni yake makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka panapokaribia sikukuu ya Ekaristi, wachezaji wa Bagika na Bagalu hukutana hapo kwenye Bulabo kushindana ngoma, na vumbi lake huwa halitulii mpaka jioni.

Mbele zaidi, upande wa ziwa, iko Kageye. Waingereza wa kwanza wa CMS, shirika la misioni la Kianglikana, walifikia hapo mwaka 1877 wakielekea Buganda. Daktari wao, John Smith, alifia hapo mwaka huohuo. Desemba ikakuta kiongozi wao Shergold Smith na mwenzake O'Neill wameuawa Ukerewe. Kwa muda akabaki mtu mmoja tu wa msafara ule ng'ambo ya ziwa, Wilson, hana wa kuzungumza naye kwa lugha yake. Mapadre Weupe waliofuata, waliotoka Bagamoyo mwaka 1878, walikuja na sharti la mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers: kituoni wasikae pungufu ya watu 3, wajifunze lugha ya wenyeji, wale wanachokula wenyeji. Mwaka 1883 wakafungua Bukumbi, kusini ya Mwanza, na Bukumbi ipo mpaka leo. Sisemi kwamba sharti la watu watatu ndilo lililowaponya. Nasema tu kwamba kulikuwa na mtu aliyekaa akafikiri, kabla ya safari, kwamba aliyetumwa ataugua, atachoka, na atahitaji mwenziwe wa kumfunika shuka.

Ukivuka daraja la mto Simiyu, mto ulioupa mkoa jina lake, unaipita Magu, kisha unaingia Busega. Huko ndiko Nassa, kwenye ghuba ya Speke. Kituo cha Nassa kilikuwa cha CMS mpaka mwaka 1909, walipokikabidhi kwa Africa Inland Mission, na Emil Sywulka na mkewe wakahamia kutoka Kenya. Kutokana na kazi hiyo likakua kanisa ambalo huku wanaliita AIC tu, Africa Inland Church, na ni nadra kupita kijiji cha Usukuma usikute bango lake. Shirika lenyewe lilianzishwa Marekani mwaka 1895 na kijana Peter Cameron Scott, ambaye mwaka uliofuata alifariki Ukambani kwa homa hajatimiza miaka 30. Lilikuwa na kanuni ambayo wazee wa Nassa wanaikumbuka kwa mshangao: mahitaji ya kazi yaelezwe yote, lakini fedha isiombwe. Leo mambo yamepangika zaidi. Mmisionari wa shirika kama hilo haondoki kwao mpaka awe na orodha ya watu na makanisa yaliyoahidi kumchangia kila mwezi. Akikaa miaka kadhaa anarudi nyumbani, anapita kanisa hadi kanisa akitoa taarifa, anapumzika, anatibiwa meno, kisha anarudi.

Nilikuwa na swali moja safari nzima. Mzungu wa Nassa alibebwa na watu wa kwao. Mtu wa Bariadi anayetumwa na watu wa Bariadi, yeye anabebwa na nani?

Lamadi tulishuka kunywa chai. Ni mji wa njia panda: samaki wa ziwa, malori, na mazungumzo ya tembo wanaotoka Serengeti usiku kuja kula mahindi ya watu. Kutoka hapo lami inakata kulia kuelekea Dutwa na Bariadi, na nchi inabadilika. Ardhi inakuwa nyeusi, ile ya mbuga ambayo mvua ikinyesha inashika kiatu na kiangazi inapasuka nyufa za kuingia mkono. Msimu wa kununua pamba ulikuwa unaishia. Malori yalipita na marobota, na kando ya barabara nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba.

Simiyu ni mkoa mchanga, umezaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na kuongezewa Busega iliyotoka Mwanza. Sensa ya 2022 iliwakuta watu zaidi ya milioni 2. Hakuna mkoa unaolima pamba kuushinda huu, na hilo msomaji aliweke akilini, maana huku hata mambo ya Mungu hufuata kalenda ya pamba. Harusi, bati la nyumba, ada ya shule, sadaka kubwa: vyote vinangoja mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Msimu wa 2019, wakulima walipokaa miezi wakisubiri kulipwa pamba waliyokwisha kuikabidhi, wachungaji wa huku hawakuhitaji gazeti kuwaambia. Walikiona kikapu.

Jumapili nilifika mapema. "Mwangaluka," akanisalimu mama mmoja mlangoni, na alipoona nimeitikia vizuri lakini sentensi ya pili imenishinda, akacheka na kuhamia Kiswahili. Kanisa lilikuwa la tofali za kuchoma, bati bila dari, kwaya tatu zimejipanga kwa sare. Mwinjilisti alikaa mbele na suti ya kijivu iliyomzidi mabega. Mkewe alikaa pembeni yake na mtoto mchanga, na wengine watatu wamejibana kwenye benchi la nyuma yao, wameshikana mikono.

Mahubiri yalitoka Matendo ya Mitume sura ya 13, kanisa la Antiokia lilivyofunga na kuomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli. Mhubiri aliijua kazi yake. Alieleza kwamba Antiokia haikutoa mtu wa ziada. Ilitoa walimu wake bora. Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Nikangoja afike mwisho wa sura ya 14, pale wale wawili wanaporudi Antiokia na kulikusanya kanisa kutoa taarifa. Hakufika.

Kisha yakaja yale niliyosafiri kuyaona. Wazee waliwazunguka, wakaweka mikono. Mwinjilisti alipiga magoti na jasho likamtoka. Kiongozi wa akina mama, mtu mzima mwenye kilemba cheupe, alitoka mahali pake bila kuitwa, akamwinua mke wa mwinjilisti, akamweka katikati pamoja na mumewe na kumwekea mikono yeye mwenyewe. Ratiba haikuwa na jambo hilo. Mchungaji alisita kidogo, kisha akaendelea na sala kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Baada ya ibada ulifuata mnada. Wasiojua makanisa ya kanda hii niwaeleze: sadaka ya mazao hailiwi na kanisa, inanadiwa hapohapo uwanjani. Mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza alishika jogoo kwa miguu, akaanza elfu kumi. Jogoo akafika elfu 15, mnunuzi akalipa, kisha akasema, "Narudisha kwa Bwana." Jogoo akanadiwa tena. Akaenda elfu 14, akarudishwa. Mara ya tatu kijana mwenye duka la pembejeo akamchukua kwa elfu 18, akaenda naye kweli. Hesabu kichwani: jogoo mmoja ameingiza shilingi 47,000, na shilingi 30,000 ndizo kaya ya watu 6 ilizokuwa ikilipa kwa mwaka kwenye CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii. Ilinadiwa michembe, ukanadiwa mtama, zikanadiwa choroko, akanadiwa mbuzi ambaye alikata kamba na kukimbizwa mpaka nyuma ya vyoo, watu wakicheka.

Zawadi zikafuata. Baiskeli mpya bado ina plastiki kwenye fremu. Sola ndogo na betri. Mablanketi, sufuria, gunia la mahindi. Mwisho kabisa wanaume wanne wakaleta plau, mpya, imepakwa rangi nyekundu, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Plau ya kukokotwa na ng'ombe si zawadi ndogo. Kwa Msukuma ni kusema: nenda ukaishi kama mtu. Mwinjilisti aliigusa kwa kiganja, akainama kushukuru.

Jioni nilikaa na mwinjilisti na mkewe nyumbani kwa rafiki yangu. Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Matayarisho ya mwinjilisti niliyapata kwa vipande. Alisoma chuo cha Biblia miaka miwili. Alifanya kazi chini ya mchungaji kwenye vijiji vya Itilima. Alikwenda Meatu mara kadhaa kuangalia mahali. Kwa mtu wa kijijini hayo si haba. Mkewe alihudhuria kozi ya wiki chache pamoja na wake wa watumishi wengine, akafundishwa ushonaji na malezi.

"Na lugha?" nikauliza.

"Wataturu wanajua Kisukuma, wengine Kiswahili," akajibu. "Tutaelewana tu."

Kiongozi wa akina mama, ambaye kumbe ni mama mkubwa wa rafiki yangu, alikuwa kimya akimenya karanga. Nilimwamkia upya, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyeshangilia plau kwa sauti kuliko wote mchana ule. "Wazungu walikuja hapa wakasoma Kisukuma mpaka wakaandika Biblia yake. Mama yangu alibatizwa na mzungu aliyekuwa akimtania kwa Kisukuma. Sisi tunakwenda kwa Wataturu na lugha yetu, tunawaambia wao ndio wasogee."

Lugha ya Wataturu, ambao ni tawi la Wadatoga, haina undugu na Kisukuma. Si ya Kibantu. Ni ya jamii moja na Kimasai na Kijaluo, na Msukuma hawezi kuibahatisha kama anavyobahatisha Kinyamwezi. Wahadzabe walio jirani wana lugha nyingine kabisa. Mashirika ya nje humpa mgeni wake miezi mingi ya lugha kabla ya kumkabidhi kazi. Makoko, Musoma, Wamaryknoll waliweka shule ya Kiswahili kwa kazi hiyo, na mapadre wa mashirika mengi wamepita pale wakihangaika na ngeli. AIC ya Kenya ina chuo cha wamisionari Eldoret. Kwa nini tunadhani mwenzetu, kwa kuwa ni mweusi na amezaliwa kilomita chache kutoka hapo, hahitaji hata mwezi mmoja wa namna hiyo?

Suala la fedha nililigusa kwa tahadhari, maana mgeni hahesabu mfuko wa mwenyeji. Mwinjilisti aliahidiwa posho ya kila mwezi, sehemu kutoka kanisani na sehemu kutoka kundi la WhatsApp la wenyeji wa Bariadi waishio Dar es Salaam na Mwanza, ambao hutuma kwa simu. Bima hakuna. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa nasi alilitetea hilo kwa Maandiko: Paulo mwenyewe alishona mahema. Mama mkubwa akamjibu bila kuacha karanga zake kwamba Paulo huyohuyo aliwashukuru Wafilipi kwa kumtumia msaada zaidi ya mara moja. Mzee akacheka, akasema ndiyo sababu hawapendi akina mama wajue kusoma. Alitania, nadhani.

Siku iliyofuata nilimtafuta katekista mmoja wa Kikatoliki, mstaafu anayeuza vifaa vya baiskeli mjini, nione wenzao wanafanyaje. Kanisa Katoliki la eneo hili kwa kiasi kikubwa ni zao la Wamaryknoll, shirika la Wamarekani lililoanzishwa mwaka 1911. Roma ilifanya Maswa kuwa prefektura mwaka 1950, na 1956 ikawa Jimbo la Shinyanga chini ya Askofu Edward McGurkin, Mmaryknoll, mpaka alipompisha Castor Sekwa mwaka 1975. Jumapili ya Misioni, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1926, bado inakusanywa kila Oktoba, na sarafu ya Bariadi inakwenda kapu moja na ya Ujerumani. Watoto nao wana Utoto Mtakatifu, chama kilichoanza Ufaransa mwaka 1843, wanachangia shilingi zao mia mia. Mtu akiingia shirika la kitawa, shirika linamlisha mpaka kaburini. Utaratibu upo. Ila katekista wa kigango, yule anayezika na kufundisha na kuongoza ibada wakati padre yuko parokia ya mbali, huyo analima. "Mimi nimekuwa mmisionari wa kata moja miaka mingi," aliniambia yule mzee, huku akijaza upepo tairi la mteja, "na mwajiri wangu ni pamba."

Wasabato, ambao kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa na vituo Ntuzu na Kanadi, wana njia nyingine: zaka haibaki kanisani, inapanda konferensi, na mchungaji analipwa kutoka huko, awe kwenye kanisa tajiri au maskini. Wapo wanaonung'unika kwamba fedha inaondoka kijijini. Lakini mtumishi wa porini hategemei huruma ya kijiji kilichomuaga, na kwangu hilo lina uzito.

Rafiki yangu alikuwa na pikipiki, nikamwomba anipeleke Meatu. Tulipita Lagangabilili, makao ya Itilima, tukaendelea mpaka Mwanhuzi tukiwa wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Baada ya Mwanhuzi migunga inaongezeka na mashamba yanapungua. Huko mbele ni pori la akiba la Maswa na kwingine ni bonde la Sibiti. Tulikuwa tumeelekezwa kwa mwinjilisti aliyetumwa na kanisa jingine miaka kadhaa nyuma, naye pia Msukuma kutoka upande wa Bariadi.

Nilimpenda yule mtu. Alitoka kutulaki akiwa na kofia ya majani na mikono yenye udongo, akaita binti yake alete viti. Binti anaweza kuwa na miaka kumi, na ndiye mwenye lugha. Wanawake wa Kitaturu walipokuja kisimani, bangili za shaba zimewajaa mpaka karibu na viwiko, alizungumza nao kwa kasi, akatutafsiria vicheko vyao. Baba yake anaweza salamu na sala. Mama yake anaweza soko. Mtoto, ambaye hakuna aliyemwekea mikono, ndiye aliyejifunza kwa kucheza na kuchunga ndama pamoja na watoto wa pale.

Kanisa ni kivuli cha mgunga na magogo sita. Waumini wengi ni Wasukuma waliohamia. Wataturu wanakuja, wanasikiliza, wanarudi kwenye ng'ombe wao. Alipofika, posho ilikuwa inaingia kila mwezi. Mwaka wa pili ikawa inaingia nusu. Halafu zikawa zinaingia meseji: Mtumishi, tuombee, msimu umekuwa mgumu. Hakuwa na kinyongo alipoyasema. Aliwatetea. Alisema pamba ya mwaka ule iliharibiwa na wadudu, na kwamba mhazini wao ni mtu mwaminifu.

Basi akalima. Alikuwa na plau, maana naye aliagwa kwa plau. Alianza na bustani, ikawa ekari mbili za mtama, ikawa shamba. Mdogo wake akaja kumsaidia na ng'ombe sita. Shemeji naye akaja. Alituonyesha alizeti zake kwa fahari ambayo mkulima yeyote angeielewa, na kweli zilikuwa zimesimama vizuri, mpaka kwenye njia ya zamani ya mifugo kwenda majini.

Mzee wa Kitaturu mwenye fimbo ndefu alikuwa amekaa nasi muda wote. Kupitia kwa yule binti nilimwuliza anamwonaje jirani yake. Akasema ni mtu mwema. Alimpeleka mjukuu wake hospitali kwa baiskeli usiku. Kisha akasema maneno ambayo binti aliyatafsiri akiangalia chini: "Alikuja na kitabu. Baadaye likaja jembe la ng'ombe. Sasa wanakuja ndugu zake. Sisi tunajua Wasukuma wanavyokuja."

Baba yake alinyamaza. Sidhani ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia.

Wasukuma na ng'ombe zao wamekwenda Rukwa, Usangu, Kilombero, mpaka Lindi, na kila walikokwenda wamefungua makanisa na wamegombana na mtu juu ya ardhi na maji. Na Wataturu wana kumbukumbu yao ya kuibiana ng'ombe na Wasukuma enzi na enzi. Mwinjilisti anayekwenda huko anabeba historia hiyo apende asipende. Kitu pekee kinachoweza kumtofautisha na mhamiaji mwingine ni kwamba yeye hahitaji kitu chao. Siku kanisa lake linapoacha kumlisha, anaanza kuhitaji. Gharama haikufutika, imehamishwa tu kutoka kwenye kikapu cha Bariadi kwenda kwenye malisho ya Wataturu, na wao hawakuwepo kwenye mnada wakaulizwa.

Nilirudi Bariadi nikamweleza mama mkubwa. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa na wazo lake, na ameshalipeleka kwa wazee mara moja wakaliweka kiporo. Anataka ahadi za utume ziandikwe kwa kilo za pamba badala ya shilingi. Kila kaya iseme kilo ngapi, zitolewe Mei mpaka Julai wakati wa mzani, fedha ifungiwe akaunti ya pekee na igawanywe kwa miezi 12, na taarifa isomwe hadharani kama AMCOS inavyosomewa wanachama wake hesabu. Bei ikianguka, wote wanajua imeanguka kiasi gani na mtumishi anaambiwa mapema. Kabla ya posho ikatwe bima. Kabla ya bima familia ikae miezi sita kwa Wataturu bila shamba, kazi yao iwe lugha tu. Na wasiende peke yao. Ziende familia mbili.

Nikamwuliza kuhusu plau.

"Ibaki hapa," akasema. "Tumlimie sisi."

Wazee walikuwa hawajamjibu nilipoondoka. Mwinjilisti na familia yake walikuwa waondoke baada ya wiki chache, lori lilikuwa limeshapatikana, na plau ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya mizigo.

Msomaji, kama kanisa lako limemtuma mtu mwaka jana au mwaka juzi, mtafute mhazini Jumapili hii umwulize posho ya mwisho ilitumwa mwezi gani na bima ya watoto wake inaisha lini. Akianza kukusimulia jinsi ibada ya kumuaga ilivyofana, omba namba ya simu ya aliyetumwa, umpigie mwenyewe.